Milka Ilivyonilia Muhula Wangu wa Valencia

Bi Khole,

Kwanza nikwambie kilichopotea, salamu zitafuata. Nimepoteza muhula mzima wa masomo ya sheria katika chuo kikuu kimoja cha Valencia, Hispania, na nimeupoteza tarehe 28 Januari mwaka huu wa 2007, siku ya Jumapili, ndege ilipoondoka uwanja wa Seeb na kiti changu kitupu. Sasa salamu: assalaam alaykum. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne, nakaa Hail na wazee wangu, na gazeti lenu linatufikia huku Maskati kila anapokuja mtu kutoka Unguja, mara nyingi limefungiwa mikate ya ufuta, kwa hiyo nakusoma siku zote hata ukiwa na mafuta. Safari hii naandika kwa barua pepe na jibu nitalisoma kwenye mtandao wenu, maana sina muda wa kungoja mikate.

Naomba msaada wako lakini usinionee huruma, huruma nnazo nyumbani tele, mama analia asubuhi na jioni na hajanifaa kitu.

Mimi sikusomeshwa na mtu. Nilipomaliza skuli baba alikuwa kashastaafu posta na wadogo zangu wako nyuma yangu, nikaingia kazini, upande wa mahesabu, kwenye kampuni moja ya mtaa wa Ghala inayoingiza vigae kutoka Hispania, hivi vigae ambavyo ukenda nyumba yoyote mpya ya Bawshar utavikanyaga tangu mlangoni mpaka jikoni, na jioni nikitoka kazini nasoma sheria, ada natoa mwenyewe, na mwaka juzi likaja kontena letu moja thuluthi ya vigae vimevunjika, tukataka kudai, kumbe kwenye mkataba imeandikwa kwa Kihispania kwamba dai lolote lipelekwe Valencia ndani ya muda maalumu, na ofisi nzima hapana aliyeweza kuusoma, muda ukapita, dai likafa, na tajiri wangu akakaa anauangalia ule mkataba kama mtu anayeangalia maji ya kunywa yamemwagika. Siku ile nikasema mkataba wa pili nitausoma mimi. Nikanunua kanda za kujifunzia Kihispania, nikawa nazisikiliza ndani ya gari, Hail mpaka Ghala na Ghala mpaka chuoni, nikibishana na kanda kwenye foleni mpaka madereva wa pembeni wakidhani nimerogwa. Chuo chetu kilipotangaza nafasi za muhula mmoja Valencia tuliomba arobaini na moja, wakachukuliwa wawili, na wa kwanza ni mimi.

Hapo ndipo yalipoanza. Mama akasema msichana hatoki peke yake kwenda nchi za watu bila ya kuwa na jina la mume, watu watasema nini, Shangazi Muhsina akasema yupo kijana, Marwan, wazee wake ni watu waliorudi kutoka Tabora, wanakaa Al Amerat, anafanya kazi ya mitambo kwenye visima vya mafuta, wiki mbili jangwani, wiki mbili kwao, tena mpole, basi tufunge milka haraka, uende Hispania ukiwa mke wa mtu, urudi, tufanye arusi. Wasomaji wenu wa Unguja wasioijua milka nawaeleza: huku ndoa hufungwa mapema, kadhi na mashahidi na kila kitu, halafu arusi yenyewe huja baadaye, na baina ya hapo bibi arusi anakaa kwao. Mimi nikapiga hesabu yangu. Nikaona milka ndiyo tiketi.

Marwan nilizungumza naye mara moja tu, siku ya kuposwa, tumekaa sebuleni na shangazi zangu wawili wametukodolea macho. Akaniuliza, "Kwani Kihispania kigumu?" Nikamwambia, "Kwa mvivu." Akacheka. Nikamkubali kwa kicheko kile, nakwambia ukweli. Na kule kwenye majlisi ya wanaume ami yake, Mzee Awadh, alisema kwa sauti nami nimesikia kwa masikio yangu nyuma ya mlango: "Masomo? Asome! Sisi si watu wa kumzuia mtu kusoma." Wanaume wote wakasema mashallah. Neno likawa limeshasemwa, hapana aliyeliandika.

Milka ikafungwa wiki ya kwanza baada ya Idi Kubwa. Wakaniletea daftari la kadhi upande wa wanawake nisaini, nikataka kulisoma, Shangazi Muhsina akanifinya paja: "Usitutie aibu, bibi arusi hasomi, bibi arusi anasaini." Nikasaini.

Sasa sikiliza. Paspoti yangu ilikuwa inakaribia kumalizika, ubalozi hauitaki, lazima ifanywe mpya. Nikenda na baba, karatasi ya ruhusa keshaijaza, bwana wa dirishani akaangalia mashine yake akasema, "Huyu ameolewa. Baba hasaini tena. Asaini mume." Baba akabaki na kalamu mkononi. Wiki moja nyuma saini yake ingetosha, Bi Khole! Wiki moja! Milka niliyofunga ili nisafiri ndiyo iliyonifungia mlango.

Marwan alikuwa jangwani. Tukachukua karatasi mimi na mama, tukavuka milima mpaka Al Amerat kwa mama mkwe wangu, Bi Shaikha, tumemchukulia halwa, katukaribisha vizuri, kahawa, tende, khabari za wazima na wagonjwa, halafu mama akatoa ile karatasi. Bi Shaikha hakuigusa.

"Marwan hapatikani," akasema. "Lakini hilo lishakwisha. Hapana."

Mama akamwambia, "Lakini Mzee Awadh alisema mbele ya watu, asome."

"Kusoma tulisema. Kusafiri hatukusema."

Mimi nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza, "Mama, Marwan mwenyewe kasema hapana?"

Akanitazama, akatabasamu. "Mimi na Marwan tofauti iko wapi? Si nimemzaa? Wewe ulale Hispania, mwanangu alale jangwani, hiyo ndoa italala wapi? Kula halwa, mwanangu."

Ndani ya gari tulipoiona bahari, mama akasema, "Watu wa bara hawa," kama kwamba sisi Waunguja tumeteremka mbinguni. Kiti changu wakampa msichana aliyekuwa wa tatu. Alikuwa ananiletea picha kwa barua pepe, yuko mbele ya mahakama ya Valencia, katabasamu, kavaa skafu yangu niliyomuazima nilipokuwa bado nakwenda.

Tangu Februari Marwan ananipigia simu, sipokei. Kaleta meseji, "Naomba tuzungumze," sikumjibu. Mtu keshanizuia, tuzungumze nini? Na kwetu bibi arusi hazungumzi na bwana arusi mpaka siku yenyewe. Mila nyingi nimegombana nazo, hii imenifaa, nimeishika.

Mwezi wa Machi dada yake Khulood akaja na masanduku ya nguo za bibi arusi, akashika mlango akasema, "Lile la pili Marwan kalipanga mwenyewe," akenda zake. Tukafungua shangazi zangu wote wamekaa duara. Hariri, udi, dhahabu, vizuri. Chini kabisa ya lile la pili, Bi Khole, lilikuwepo koti la sufu, zito, refu mpaka magotini, na soksi za sufu. Maskati! Shangazi Muhsina kacheka mpaka kavua miwani: "Hili la kuvaa ndani ya eyakondishen!" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nimeona wamenikejeli, wameninyang'anya Valencia, wakaniletea koti lake. Nimelitupa juu ya kabati na liko huko mpaka leo.

Sasa kwa nini nakuandikia. Wale wa Valencia wameniandikia tena. Nafasi yangu wameishikilia kwa muhula wa Septemba, wanataka jibu kabla ya mwezi huu wa Juni kumalizika, na hawatashikilia mara ya tatu. Na arusi ni Alkhamisi tarehe 28 mwezi huu huu. Kadi zimeshatoka, ukumbi Bawshar umeshashikwa, na nikishaingia nyumba ya Al Amerat chini ya macho ya Bi Shaikha nnajua na wewe unajua kwamba Septemba nitakuwa jikoni kwake nakoroga harisi.

Niliyoyakusudia ni haya. Siku ya arusi asubuhi nitavaa nguo zangu za kazi, nitaingia garini, nitakwenda Ghala, nitazima simu, nitakaa na mahesabu yangu mpaka jioni. Wakae wao ukumbini na hina yao. Khuluu, mke kujikomboa kwenye ndoa, naijua, mlango wake naujua, sihitaji kufundishwa sheria. Mama anasema nitamuua. Baba hasemi kitu, ila juzi nimemkuta kashika ile karatasi ya ruhusa, anaitazama tu.

Mimi siogopi kuitwa jeuri, nimeitwa tangu darasa la tano. Nakuuliza suala moja na nataka jibu moja: nigome au nisigome? Usinambie subira, usinambie istikhara, istikhara nimeshasali. Gazeti lenu linatoka Jumamosi. Nataka ndiyo au la kabla Jumamosi tarehe 16 haijaisha. Ukichelewa nitajua na wewe ni katika wale wanaosema bibi arusi hasomi.

Mke wa Daftarini,
Hail, Maskati

BI KHOLE ANAJIBU

Mke wa Daftarini, mwanangu, waalaykumussalaam. Leo Jumamosi tarehe 16, na mimi sichelewi.

Umedhulumiwa. Nalisema mwanzo ili usidhani nitazunguka. Mama yako kakuozesha haraka kuwaziba watu midomo, na midomo ya watu haijawahi kuzibika. Shangazi yako kakufinya paja pale ulipotaka kufanya jambo la akili. Mzee Awadh katoa neno tamu, kalirudisha mfukoni. Na Bi Shaikha kakunyima kitu ambacho si chake kukunyima, kisha akakukaribisha halwa uliyoileta mwenyewe. Hasira yako ina haki, na kiti kile ulikipata kwa jasho lako, usimruhusu mtu akwambie kilikuwa cha bahati.

Lakini na wewe, bibie! Mkataba wa vigae umejifunza lugha nzima ili uusome. Mkataba wako wewe, wa roho yako na mwili wako, ulioandikwa kwa lugha unayoijua tangu utoto, umeusaini bila ya kuusoma kwa kufinywa paja. Sharti moja tu lilitosha, mstari mmoja, nasafiri kwa masomo yangu, na kadhi angeuandika palepale, na wewe ndiye mwanafunzi wa sheria katika nyumba nzima. Nimesoma hapo nikavua miwani kama shangazi yako, ila mimi sikucheka.

Hilo limepita. Tuje kwenye kubwa zaidi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikimtafuta Marwan. Nimemkuta anauliza kama Kihispania kigumu. Nimemkuta anapiga simu. Nimemkuta anaomba mzungumze. Mahali aliposema hapana sikupaona. Ulimuuliza Bi Shaikha suala zuri kabisa, la mwanasheria hasa, Marwan mwenyewe kasema? Na yeye hakukujibu. Kakwambia kamzaa. Wewe ukalipokea hilo kuwa ndilo jibu, ukarudi Hail nalo, ukalilea miezi yote hii mpaka limeota meno. Kesho ukisimama mahakamani, shahidi akuletee maneno ya mtu asiyekuwepo, utamwachia? Utamrukia pale pale. Kwa nini basi kesi yako mwenyewe umeihukumu kwa maneno ya mama mtu?

Na sasa koti. Mwanangu, umekaa Maskati miaka mingapi? Nani huko anavaa sufu? Mwanamume anayeshinda jangwani, mwezi wa Machi, jua limeshaanza kuchoma, kapanga sanduku la mkewe kwa mikono yake, kaweka chini kabisa, mahali ambapo mama yake hatapekua, koti refu la baridi na soksi. Mwanamume akitaka kumkejeli mtu haweki na soksi. Mimi sikuapii. Pengine kijana hajui kuchagua nguo, wako wengi. Lakini ungeliuliza koti lile linakwenda wapi badala ya kulitupa juu ya kabati, ungelikuwa na jibu tangu Machi. Mambo yenu nyote wawili yanapita kwa mama, kwa shangazi, kwa ami, kwa dada, kila mmoja anaongeza chumvi yake, na nyinyi mlioandikwa kwenye daftari hamjasemezana. Unaikataa mila inayokuzuia kusoma, unaikumbatia inayokuzuia kupokea simu. Hiyo si jeuri, ni kununa. Jeuri naiheshimu, kununa nakukatazia.

Sasa suala lako. Umetaka ndiyo au la. Jibu langu ni hili: ugome, lakini hujafika bado kwenye kugoma. Kuna hatua moja umeiruka na utairudia leo.

Utampigia wewe. Si mama yako, si Khulood. Awe kisimani, awe barabarani, atakusikia, maana ameungoja mlio huo tangu Februari. Hutamsimulia khabari za Bi Shaikha, wala hutalia, wala hutamwambia yaliyo moyoni, hayo yana siku yake. Utamuuliza Septemba.

Akisema ndiyo, furaha yako uifunge kwanza mpaka iwe saini. Anasaini karatasi ya paspoti kabla hujapakwa hina. Si baada ya arusi, si tutaona, si inshallah ya kuvuta wakati. Na inaandikwa karatasi ya pili, mbele ya baba yako na mbele ya Mzee Awadh huyo huyo, kusoma na kusafiri, maneno yote mawili kwa majina yake, ili asitokee mtu kesho akakwambia moja walilisema na moja hawakulisema. Safari hii utaisoma mpaka nukta ya mwisho, na akikufinya mtu, mfinye. Siku hiyo hiyo uwaandikie Valencia. Arusi yako ikifika, ule, ucheze, uende kwa mumeo, na Bi Shaikha umbusu mkono, maana mkwe ni mkwe na harisi utaikoroga tu siku moja, ukirudi.

Akisema hapana, au akisema ngoja nimuulize mama, ambayo ni hapana ile ile imevaa kanzu, basi usiingie ukumbini. Kadi zilizochapishwa zisikutishe, ukumbi wa Bawshar utapata arusi nyengine kabla ya wiki. Lakini mambo ya kuzima simu na kujificha Ghala nyuma ya vigae, siyataki. Huko si kugoma, huko ni kumwacha mama yako peke yake mlangoni anapokea wageni wa arusi isiyokuwepo. Mwenye haki hajifichi. Utamkalisha baba yako, yule anayeitazama karatasi bila ya kusema, naye anangoja umwambie, utamwambia, "Baba, siendi, nisimamie," na mtakwenda pamoja kwa kadhi mchana kweupe, siku nyingi kabla ya arusi, na mlango ule unaoujua utaupita umeinua kichwa.

Shangazi Muhsina asijue kitu mpaka yote yawe yamekwisha.

Haya, lishushe koti kwanza, litie upepo, angalia mifuko yake pia, maana mtu aliyelificha chini ya hariri hujui kaacha nini humo. Kisha chukua simu. Wewe umenipa mpaka Jumamosi, sasa na yeye mpe wakati wake. Maneno ni haya, usiyapunguze, usiyaongeze:

"Marwan, ni mimi. Septemba nnakwenda Valencia au siendi? Nijibu wewe, kwa mdomo wako, kabla ya magharibi ya Jumatano."